Kibali changu kinasema nauza misumari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kutaka yadi zote za vyuma chakavu zifungwe mijini, na sisi wenyewe tupelekwe mbali na makazi ya watu. Sitamkejeli, kwa sababu moshi anaoulalamikia naujua, na kelele anazozitaja huzisikia mimi kabla yake, tangu saa mbili asubuhi hadi magharibi. Mimi ni mwenye yadi ya skrapu katika mojawapo ya kaunti za Pwani, kazi niliyoachiwa na baba mdogo na ambayo sasa nimeifanya kwa miaka kumi na minne. Ninalotaka kumwambia ni kwamba, kabla ya kuuliza kwa nini yadi hizi ziko hapo zilipo, aulize kwanza vibali vyake vimeandikwa nini. Changu, kilichopigwa muhuri na kutundikwa ukutani juu ya mizani, kinasema mimi ni muuzaji wa rejareja wa vifaa vya ujenzi. Kwa mujibu wa karatasi hiyo, mtu akiingia kwangu anapaswa kukuta misumari, bawaba, makomeo na rangi. Misumari ipo kweli, lakini ni ile iliyong'olewa kwenye mbao za nyumba zilizobomolewa, imepinda na kushika kutu, nami huinunua kwa kilo.

Nieleze ilivyokuwa. Kibali cha biashara cha kaunti yetu hufa tarehe 31 Desemba hata kama umekilipia Novemba, kwa hiyo Januari ni mwezi wa foleni. Karani niliyemkuta alikuwa kijana mstaarabu, aliyeniamkia shikamoo kabla sijafungua mdomo, akaniuliza biashara yangu ni ya nini. Nikamwambia skrapu. Akaishuka orodha iliyokuwa mbele yake kwenye kompyuta, akaipanda, akaishuka tena, kisha akanigeukia akasema: "Mzee, humu skrapu haimo. Kuna karakana, kuna ghala, kuna vifaa vya ujenzi. Nikuwekee vifaa vya ujenzi? Maana si vyote chuma?" Niliangalia ada zilizoandikwa pembeni, nikaona ya karakana na ya ghala kila moja inapita mara mbili ile ya vifaa vya ujenzi, nikamwambia aweke. Hapo nilikosea, na nakiri mbele ya wasomaji wako kuwa nilikosea kwa kujua, kwa sababu jawabu la kweli nilikuwa nalo na nilivutwa na unafuu. Hata hivyo, ningetaka ieleweke pia kwamba hata kama ningekuwa msema kweli kuliko watu wote waliokuwa kwenye foleni ile, orodha ile haikuwa na mahali pa kuandika ukweli wangu.

Huenda mtu akadhani hili ni jambo dogo la makarani. Kumbe aina ya biashara inayoandikwa kwenye kibali ndiyo inayoamua mambo karibu yote yanayofuata: ada utakayolipa, masharti utakayopewa, na afisa gani atakuja kukukagua akiwa amebeba fomu gani. Duka la misumari hutakiwa kuwa na mtungi mmoja wa kuzimia moto karibu na mlango, na pengine choo. Yadi yenye mitungi ya oksijeni na ya gesi ya kukatia chuma ni kitu kingine kabisa, kwa kuwa mitungi ile yapasa kuwekwa mbalimbali, ifungwe isianguke, isikae juani wala karibu na mafuta. Afisa wa zimamoto aliyenijia mwaka ule alisimama katika kijiofisi changu cha mabati, akaona meza, kabati na mtungi mwekundu, akaweka alama ya tiki na kutia saini. Mlango wa nyuma, ambako vijana wangu walikuwa wakikata fremu ya lori kwa moto wakati huo huo, hakuupita, kwani fomu yake haikumwambia kuwa kuna nyuma.

Mwaka uliofuata walikuja wakaguzi wa ngazi ya kitaifa wakiwa na polisi. Mmoja wao akaomba leseni ya Baraza la Vyuma Chakavu, chombo cha kitaifa kinachosimamia biashara yetu, nikampa, akaridhika nayo. Akaomba kibali cha kaunti. Alikisoma kwa sauti, neno kwa neno, akainua macho akatazama mabodi mawili ya magari ya matatu yaliyobanwa na kulazwa moja juu ya jingine, kisha akauliza kwa upole tu hivyo vifaa vya ujenzi viko wapi. Vijana wangu walicheka. Mimi sikucheka. Lango lilifungwa siku kumi na tisa, hadi nilipoleta barua za maelezo kutoka ofisi tatu, na katika siku hizo vibarua wanane walikaa bila ujira. Tofauti ya ada niliyookoa kwa miaka miwili haikutosha kufidia hasara ya siku nne za mwanzo. Lililoniuma zaidi ni mzee mmoja ambaye huniletea mzigo kila Ijumaa. Alisukuma mkokoteni wake ukapita mbele ya lango langu lenye kufuli, akaenda hadi kona ya pili kwa mtu asiye na kibali wala leseni, ambaye, kwa kuwa hakuwa na karatasi yoyote, hakuwa na karatasi ya kukosea.

Sasa nimjibu msomaji juu ya hofu yake ya kuishi kando ya kazi hizi, ambayo sisi wa Pwani hatuna haki ya kuipuuza, maana tuna Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi kiliwekwa mwaka 2007 kando ya mtaa huo wa Mombasa, wenye wakazi wapatao 3,000, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyeajiriwa huko mwaka 2009, alipewa kazi ya kushughulikia ripoti ya athari za kiwanda kwa mazingira, na ushauri uliotoka katika kazi hiyo ulikuwa kwamba kiwanda kihamishwe. Ushauri haukufuatwa, na baadaye mtoto wake mwenyewe akapatikana na sumu ya risasi mwilini. Kiwanda kilikoma mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Nimeisoma habari ya kesi ile kwa jicho la mtu wa kazi hii. Kiwanda kile hakikuwa cha kujificha vichakani. Kilikuwa kimesajiliwa rasmi chini ya mpango wa EPZ, yaani wa viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuza nje ya nchi, kikiwa na lango, wafanyakazi na mabomba ya moshi yanayoonekana na kila apitaye. Katika hukumu ya 2020, fungu kubwa kuliko yote la lawama mahakama haikukitwika kiwanda, bali iliitwika NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, iliyotakiwa kukitazama. Kwa lugha ya yadini, karatasi zilikuwapo, ila macho hayakuwapo. Ndiyo sababu nasema kibali kinachotolewa kabla mtu hajaufikia uwanja ni risiti ya malipo tu, na jirani anayelala futi chache kutoka hapo hana cha kutegemea ndani yake.

Betri zenyewe nizungumzie kidogo, kwa sababu hapa pia sina mikono safi. Kwa miaka mingi tulizivunja kama wenzetu walivyofanya. Kijana mmoja alipiga pembe ya betri kwa shoka, akaiinamisha, maji yakamwagika mchangani, kisha akazitoa sahani za risasi kwa mikono mitupu na kuzitia kwenye gunia. Hadi leo kuna kipande cha ardhi karibu na ukuta wa kusini, mapana ya kitanda hivi, ambapo hapajaota hata unyasi mmoja, na mvua za masika zikinyesha maji hupita juu yake yakielekea kwenye mtaro wa barabara. Tuliacha. Sasa betri huingia nzima, husimamishwa juu ya chaga chini ya paa, na hutoka nzima kwenda kwa mwenye leseni ya kuzishughulikia, ijapokuwa faida yake ni ndogo kuliko ya sahani zilizovunjwa. Sikuacha kwa sababu ya mkaguzi, maana katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza betri zangu naziweka wapi. Niliacha baada ya yule kijana kuanza kulalamika tumbo na daktari kumuuliza anafanya kazi gani.

Moshi mweusi wa jioni nao una chake. Mara nyingi hautoki yadini, unatoka kwenye viwanja vitupu ambako vijana huchoma nyaya ili ganda la plastiki liondoke waipate shaba. Shaba iliyochomwa hupoteza rangi na hununuliwa kwa bei ya chini kuliko iliyochunwa kwa kisu, lakini kuchuna kunachukua mchana kutwa na moto unachukua nusu saa. Mimi nyaya zilizochomwa sizipokei, nanunua zenye ganda lake au zilizochunwa, na wachache wamezoea hivyo. Kama sharti hilo moja lingeandikwa kwenye kibali cha kila mnunuzi na mnunuzi akapoteza kibali kwa kulivunja, ninavyoamini moshi anaoulalamikia msomaji wetu ungepungua kwa kiasi ambacho hata kuhamisha yadi zote kusingeupunguza, kwa sababu mchomaji hufuata soko na wala hana yadi ya kuhamishwa.

Kuhusu wizi wa vyuma, ambao msomaji aliugusa kwa sentensi moja kali, nitasema zaidi ya sentensi moja. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 ilianzisha Baraza na ikataka wafanyabiashara wa vyuma wawe na leseni na kuweka kumbukumbu za wanachonunua. Daftari langu lina safu za tarehe, jina, nambari ya kitambulisho, aina ya chuma, kilo, bei, na kilikotoka. Safu ya mwisho ndiyo ngumu. Mama akileta sufuria tatu zilizotoboka na kitako cha jiko, naandika "nyumbani" na kazi imekwisha. Akija kijana na vipande vya chuma cha pembe vilivyochovywa zinki, vyenye matundu yaliyopangwa sawasawa na nambari iliyogongwa kwenye ncha, akaniambia ameviokota shambani kwa babu yake, siandiki kitu. Namwambia avichukue aondoke, kwa sababu chuma kile ni mbavu ya mnara wa umeme na mimi na yeye sote tunajua. Huondoka. Aendako najua pia, na jirani zangu wanajua, kwani ni kule kona ya pili usiku.

Tarehe 11 Januari 2022 minara ya laini ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, sehemu kubwa ya nchi ikakaa gizani, na tarehe 20 mwezi huo Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, ya ndani na ya kuuza nje. Hadi Mei, marufuku ilipoondolewa kwa masharti mapya, sikupima hata kilo moja. Hasira ile ya serikali sikuilaumu na wala siilaumu leo. Mtu anayelegeza bolti za mnara anacheza na roho za watu walio hospitalini. Lakini aliyetii amri alikuwa ni yule mwenye bango, daftari na anwani, na aliyeendelea kununua ni yule asiye navyo. Ukiniuliza, sheria ya 2015 haina upungufu mkubwa. Upungufu uko chini, pale ambapo mtu anaweza kufungua mizani nyuma ya nyumba na kununua mwaka mzima bila afisa yeyote wa kaunti kumuuliza anauza nini, kwa kuwa hata sisi tuliojipeleka wenyewe tumeandikwa kuwa wauza misumari. Kaunti ikitaka leo kujua ina yadi ngapi za skrapu, kumbukumbu zake hazitaijibu, zitaipa idadi ya maduka ya vifaa vya ujenzi.

Baraza liko Nairobi. Haliwezi kujua kwamba fulani amehamishia mizani yake uani kwa shemeji yake. Jicho la karibu ni la kaunti, na Katiba imeipa kazi hiyo waziwazi, kwani Jedwali la Nne linaiachia kaunti leseni za biashara, uondoaji wa taka na udhibiti wa uchafuzi wa hewa, mambo matatu ambayo yadi ya vyuma inayagusa kila siku ya Mungu. Kwa hiyo nikisema lawama yangu kubwa iko kwa kaunti kuliko kwa Baraza au NEMA, si kwa sababu ya siku zangu kumi na tisa pekee.

Ninaloliomba si gumu. Jedwali la ada katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ambalo hupitishwa upya mara kwa mara na ambalo lina nafasi ya kutofautisha kinyozi na msusi, litaje kazi yetu kwa jina lake, na liitenganishe kwa kadiri ya hatari yake. Mtu anayenunua sufuria na mabati kwa mizani ya kilo mia moja na kuyapeleka kwingine jioni hana sababu ya kulipa wala kukaguliwa kama mtu anayekata magari kwa gesi, na anayekata kwa gesi si sawa na anayeshika betri na kompresa za friji, na hao wote hawalingani na mwenye tanuri. Tanuri, kwa maoni yangu, halifai hata kujadiliwa karibu na nyumba za watu. Ada yangu ikipanda mara mbili nitanung'unika kama mfanyabiashara yeyote, kisha nitalipa, ili mradi karatasi niipatayo iweze kunitetea siku ya ukaguzi.

La pili ni kwamba afisa afike kabla ya muhuri. Afike na apite mlango wa nyuma. Nyuma ya kibali pachorwe ramani ya yadi, hata kwa kalamu ya risasi, ikionyesha mitungi ya gesi iko wapi, betri ziko wapi, mafuta yanayotolewa kwenye injini yanakusanywa katika chombo gani na maji ya mvua yanatokea upande upi, kisha afisa aandike jina lake chini. Mkaguzi mwingine akija baada ya miezi sita akakuta betri zimehamia kwenye mtaro, atakuwa na cha kulinganisha, na ikionekana ramani iliandikwa bila mtu kufika, itajulikana pia ni nani hakufika. Nadhani kipengele hiki ndicho kitakachopingwa zaidi, na si na wenye yadi.

Kuna na fumbo la mpangilio wa karatasi zenyewe, ambalo nitalipitia haraka kwa kuwa kila mwenye biashara analijua kwa namna yake. Nilipoamua kurekebisha kibali changu niliambiwa nilete kwanza cheti cha mazingira. Wa mazingira wakataka barua ya kuthibitisha matumizi ya ardhi. Wa mipango ya ardhi wakasema kiwanja kiko katika eneo la makazi kwa ramani, ingawa pande zote mbili nina gereji, na kwamba ombi la kubadilisha matumizi litasikilizwa vizuri zaidi nikiambatisha kibali cha biashara kinachoonyesha kazi ninayoifanya. Nilirudi nilikoanza nikiwa na faili nene. Sikuombwa rushwa, nisizue. Kila niliyekutana naye alinijibu kwa adabu na alikuwa sahihi kwa mujibu wa fomu iliyokuwa mbele yake. Maafisa hawa watatu wangekaa chumba kimoja siku moja kwa juma, faili langu likawa mezani mbele yao wote, shughuli ingemalizika kabla ya adhuhuri.

Nirudi kwa msomaji na pendekezo lake la kutuhamisha. Nusu yake nakubaliana nayo. Kukata kwa gesi, kubana magari na kushika betri ni kazi za eneo la viwanda, na nikipewa kiwanja huko kwa kodi inayolipika nitahama bila kusukumwa na askari. Nusu nyingine hajaitazama kwa karibu. Vyuma haviji yadini kwa lori, vinakuja kwa miguu. Mzee wangu wa Ijumaa ana mkokoteni wenye magurudumu mawili yasiyofanana, anaanza kuokota alfajiri, anazunguka mitaa minne, na hadi anapofika kwangu amebeba kilo sitini au sabini na jua limekwisha mchoma. Yadi ikiwa kilomita ishirini kutoka mjini hatakwenda. Atauza kwa yeyote aliye karibu, na aliye karibu atakuwa ni yule wa usiku, au hataokota kabisa, na makopo na mabati yatabaki kwenye mitaro ambayo kaunti hiyo hiyo huizibua kwa pesa zetu. Ndiyo maana nikasema aina za vibali zitenganishwe: mizani midogo ya kununulia ibaki mitaani, safi, yenye ukuta na saa zake za kufunga, na moto uende eneo la viwanda. Kibali kisichojua tofauti ya mizani na tanuri hakiwezi kupanga mji hivi. Ama kitatuacha wote, ama kitatufukuza wote.

Mizani nayo, kwa kuwa nimeitaja, ni mfano wa kibali kinachofanya kazi. Kila mwaka afisa wa vipimo huja na mawe yake ya kilo ishirini, huyapandisha moja baada ya jingine mbele ya macho yangu na ya yeyote aliyekuwapo, hutazama mshale, na akiridhika hugonga alama kwenye kipande cha madini ya risasi kilichopo kwenye mizani. Mwaka mmoja aliikataa, nikaipeleka kwa fundi, akarudi akaipima tena. Muuzaji akinishuku namwonyesha alama ile, na ugomvi huishia hapo. Ada yake si kubwa na sijawahi kusikia mwenzangu yeyote akiilalamikia. Anachofanya afisa yule ni kuja mahali chombo kilipo na kukijaribu, basi.

Kaunti nimeiandikia barua mara mbili nikiomba kibali changu kisahihishwe. Ya kwanza nilijibiwa kwa mdomo kwamba nisubiri Sheria ya Fedha mpya, kwa sababu mtambo wa malipo hauwezi kutoza aina ya biashara isiyokuwa kwenye jedwali. Ya pili bado. Mswada hufuata baada ya bajeti ya Juni, na wananchi huitwa kutoa maoni yao ukumbini. Katika kikao kilichopita nilikuwa mtu pekee wa skrapu. Nilipewa dakika mbili baada ya watu wa bodaboda, na mwandishi wa kumbukumbu aliniuliza mara mbili kama nilikuwa nalalamikia bei ya saruji. Hakuna jirani wa yadi hata mmoja aliyekuja.

Ningefurahi msomaji yule akija safari hii. Tunaweza kukaa benchi moja, yeye aseme ya moshi na mimi niseme ya karatasi, tena namwachia atangulie kusema. Nimekwisha kuandika kwa mkono mstari ninaotaka uingizwe kwenye jedwali, na nakala ya ziada nimeiweka kwenye daftari kwa ajili yake.

Mwenye yadi ya vyuma,
Pwani.

(Jina na anwani ya mwandishi vimehifadhiwa kwa ombi lake.)